Kilele na Maji

Atokaye Masasi amezoea majabali: vilima vya mawe vilivyosimama kimojakimoja juu ya tambarare, kila kimoja na kilele chake. Ndiyo maana, nilipokwenda Newala kumsalimu mama mkubwa, nilitafuta kilele nisikione. Gari lilikwea ukingo wa uwanda wa Makonde, kisha ardhi ikalala: mikorosho, mihogo, na mchanga unaodidimiza mguu. Nilikuwa mita zipatazo 700 juu ya usawa wa bahari, lakini mlima siuoni.

Mama mkubwa ndiye aliyenionesha. Tulitembea polepole hadi Shimo la Mungu, pale uwanda unapokatika ghafla. Chini likatandaa bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Nilifurahi kama mtoto. Nikatoa daftari, nikamsomea kipande nilichokitunga njiani: "Nimefika kileleni."

Hakusifu. Alinyoosha mkono kuelekea bondeni, akasema, "Mwanangu, wewe umepanda kwa gari. Sisi tulipanda na mitungi."

Mvua inyeshayo juu ya uwanda huzama mchangani, nayo chemchemi hutokea chini, miguuni mwa genge. Mradi wa kupandisha maji kwa mabomba ulianza miaka ya 1950, lakini kijijini kwao, alipokuwa msichana, bomba lilikuwa halijafika. Walishuka alfajiri, jua likichomoza wako njiani wanapanda, shingo zimekazana. Aliyejikwaa alirudi chini upya.

Nikamuuliza, "Sasa niandikeje, mama?"

Akajibu bila kufikiri sana: "Na maji yako bondeni."

Wapenzi wa ushairi, nilihesabu kwa vidole pale pale. Mizani minane, sawa na kipande changu, na kina kilekile cha *ni*. Mshororo ulikuwa umetimia:

*Nimefika kileleni, na maji yako bondeni.*

Kisha nikaona jambo jingine. *Yako* ina maana mbili: maji yapo huko, na maji ni ya kwako. Sijui alikusudia ipi. Mama yangu mzazi alilelewa kwa maji yale, kabla ya kuolewa Masasi na kunizaa mimi.

Ubeti huo bado una mshororo mmoja tu. Mitatu iliyobaki sitaitunga garini. Nikirudi Newala, nitashuka kwanza hadi chemchemini, nipande na ndoo.