Ujira na Malezi

Ujira ni tunda la jasho, na kila mtu apendaye heshima hutamani kula tunda hilo kuliko kula cha kupewa. Jambo hili halina ubishi. Walakini kuna ujira ambao, ukipimwa kwa mizani kamili, huonekana mwepesi kuliko kibarua kinachodharauliwa. Ajuaye habari hii kuliko wote ni mzazi aleaye watoto peke yake, maana yeye ana mikono miwili tu: akiipeleka yote miwili kazini, hapana mkono unaobaki wa kumshika mtoto.

Mimi ni mwalimu, na makao yangu ni Kawangware, upande wa magharibi wa Nairobi. Kila asubuhi huwaona wanawake wakishika Barabara ya Gitanga kwa miguu kwenda Lavington, kutafuta nguo za kufua katika nyumba za wenye nafasi. Afunguliwaye lango hurudi jioni na ujira wa siku. Asiyefunguliwa hurudi na uchovu mtupu. Mmoja wa wanawake hao ni jirani yangu. Analea watoto wawili: binti yake wa miaka miwili, na mwana wa marehemu dada yake, mvulana wa miaka tisa. Kwa sababu ya yatima huyo, nyumba yake imo katika orodha ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia maskini kwa fedha.

Yafaa kwanza tuutazame msaada huo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yaamuru kwamba serikali iwasaidie watu wasioweza kujikimu wao na wawategemeao. Lakini fedha za mayatima zilianza kabla ya hapo, mwaka 2004, kwa majaribio katika nyumba chache za Garissa, Kwale na Nairobi. Kiasi kilichowekwa baadaye ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila nyumba, iwe na mtoto mmoja au sita. Nazo ni za nyumba maskini isiyo na mapato ya kudumu. Kwa hiyo apataye mshahara hana budi kutazamia kwamba siku orodha itakapopitiwa, jina lake litafutwa.

Siku moja jirani yangu aliitiwa kazi ya kusafisha ofisi katikati ya mji, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Watu wa mtaa walimpongeza. Yeye hakujibu neno. Alikuja kwangu akaniomba niandike hesabu. Tuliketi, nami nikaandika kama alivyonitajia.

Katika kufua hupata siku nne kwa juma, yaani siku 16 kwa mwezi, na kila siku hulipwa shilingi 600. Jumla ni 9,600. Kila siku ya kazi humwacha binti yake kwa mama mmoja alezaye watoto nyumbani, kwa shilingi 100; hizo ni 1,600. Zinabaki 8,000. Ukiongeza 2,000 za serikali, anapata 10,000 za chakula, kodi na mahitaji mengine.

Sasa tutazame mshahara. Katika shilingi 20,000, bima ya afya ya jamii huchukua asilimia 2.75, yaani 550. Ada ya nyumba asilimia 1.5, yaani 300. Na akiba ya uzeeni asilimia 6, yaani 1,200. Kodi ya mapato haimgusi mtu wa kiasi hicho. Mkononi zinafika 17,950. Lakini ofisi husafishwa kabla wenyewe hawajaingia, kwa hiyo ni lazima atoke nyumbani alfajiri na mapema na kurudi jioni. Mlezi alikubali kumpokea mtoto gizani kwa shilingi 200 kwa siku, si 100. Kwa siku 26 ni 5,200. Nauli ya matatu, kwenda na kurudi, ni 120 kwa siku. Hizo ni 3,120. Zinabaki 9,630, na zile 2,000 za serikali zi njiani kuondoka.

Msomaji, toa mwenyewe. Mama huyu angeongeza siku kumi za kazi kila mwezi, angemwona binti yake usiku tu, na mwisho wa mwezi angepungukiwa na shilingi 370.

Nilipomsomea jumla hiyo alitabasamu, akasema, "Mwalimu, hesabu hiyo naijua. Sikujua kuiandika tu."

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Mshahara una mambo ambayo kufua hakuna. Siku ya mvua nguo hazifuliwi, na mfuaji akiugua hapati kitu; bali mwajiriwa ana likizo ya mwaka yenye malipo kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Akiba ya uzeeni haikupotea, imewekwa. Tena mtoto hakai mchanga daima: akitimiza miaka minne ataingia shule ya awali, na gharama ya mlezi itapungua. Mvulana mkubwa naye, kwa mpango wa kaunti ulioanza mwaka 2023, hula chakula cha mchana shuleni kwa shilingi 5. Jirani yangu aliyajua hayo yote. Alipima, akaikataa kazi ile kwa sasa. Wale waliompongeza walimwita mvivu.

Wao hawakuiona karatasi. Mtu huvuka mto mahali penye daraja. Pasipo daraja, kumwita mwoga asimamaye ukingoni ni kumdhulumu. Uingereza, mzazi wa namna hii akianza kazi, msaada wake hauondoki kwa mkupuo: tangu mwishoni mwa mwaka 2021, kwa kila pauni aipatayo kupita kiasi kilichosamehewa, msaada hupunguzwa kwa peni 55, na gharama ya malezi yaweza kurudishwa hadi asilimia 85. Hata huko walalamikao ni wengi. Lakini ngazi ipo, si ukuta. Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Katika Korogocho, mashariki ya Nairobi, wataalamu waliwapa akina mama maskini hati za kulipia malezi ya watoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: waliopewa hati walipata kazi zaidi kuliko wasiopewa, na akina mama waleao peke yao waliweza kufanya kazi saa chache zaidi bila kupunguza mapato yao.

Kwa hiyo malezi si jambo dogo la jikoni. Ni sehemu ya kazi kama ufagio na sabuni. Taifa litakalo jasho la mama halina budi kuuliza nani amemshika mtoto, na kwa bei gani. Nanyi vijana, ambao kesho mtakuwa waajiri, makarani na watunga sheria, msimhukumu maskini kabla hamjaiandika hesabu yake tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.