Vyumba vya Uani

Nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa jioni ile nikiwa na hoja tatu zilizopangwa vema kichwani, na zote tatu zilikuwa za kukataa. Jambo lililotuitia lilikuwa ombi la mwenye viwanja viwili kando ya barabara, aliyetaka matumizi ya ardhi yake yabadilishwe: pale paliporuhusiwa nyumba ya jamaa moja pasimame jengo la ghorofa nne la kupangisha. Mtaa wetu uko mashariki ya Dodoma, katika njia ya kuelekea Mtumba, na ramani inautaja kuwa ni wa ujazo wa kati. Neno hilo ujazo ndilo lililotukusanya chini ya mwarobaini, wengine juu ya viti vya kukodi, wengine juu ya matofali.

Hoja yangu kubwa ilikuwa shule. Mtoto wangu wa pili yumo darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo karibu nasi. Siku moja nilikwenda kutazama maendeleo yake, nikasimama mlangoni na kuhesabu. Kipimo cha serikali ni watoto 45 katika chumba; mimi nilihesabu 112, nikaacha kwa kuwa wa nyuma walikuwa hawaonekani. Dawati la watoto watatu lilichukua watano. Waliokosa dawati walikaa sakafuni, daftari juu ya magoti. Mwalimu hakuwa na njia ya kupita kati yao, basi madaftari yalimfikia kwa kupitishwa juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kama ndoo za maji mahali penye moto. Nalikuta daftari la mwanangu limesahihishwa mara mbili tu katika mwezi mzima. Sikumlaumu mwalimu. Nilishangaa alivyopata nafasi ya kulisahihisha hata mara hizo mbili.

Sababu za msongamano ule si siri. Tangu Januari 2016 michango ya lazima katika elimu ya msingi imeondolewa, na watoto ambao zamani wangalibaki nyumbani wakaja shuleni. Hilo ni jambo la kheri, na mtu anayelisikitikia hana haki ya kujiita msomi. Julai mwaka ule ule Rais Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kwa kweli, baada ya azimio la 1973 kungoja zaidi ya miaka arobaini. Makarani wakaja, wakaja na askari, wauguzi, mafundi, mama lishe, na wote hao wana watoto. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179 katika Jiji. Mwaka 1967 mji huu wa reli na vumbi haukuwa na watu 25,000.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na mpango. Mpango kamambe wa 1976, uliotungwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ulikataa mji wa majumba ya fahari. Ulitaka mji wa watu waendao kwa miguu na kwa mabasi, kila mtaa na shule yake na soko lake, mtoto asivuke barabara kuu kwenda kusoma. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ililinda ramani hiyo kwa ukali mpaka ilipovunjwa Mei 2017 na kazi zake kukabidhiwa halmashauri. Wenyeji wengi waliishangilia siku ile, maana walikuwa wamechoka kubomolewa. Lakini ramani yenyewe, nikiitazama leo, naiona ilikuwa na huruma kuliko wengi wetu tulioijengea.

Hapa niseme kidogo juu ya neno ujazo, kwa kuwa halikuzaliwa jana. Katika miji yetu wakoloni walipima ardhi kwa rangi za watu: Uzunguni palikuwa na bustani na nafasi, Uhindini maduka na vyumba juu yake, na Waafrika walisongamanishwa palipobaki. Majina ya Uzunguni na Uhindini yangali yanatajwa Dodoma mpaka hivi leo. Uhuru ulipokuja rangi ilifutwa, na mahali pake pakaandikwa ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Sisemi kwamba mambo hayo mawili ni mamoja. Nasema tu kwamba mtu anapotetea ujazo wa mtaa wake hana budi kujiuliza amerithi hoja hiyo kwa nani. Mimi jioni ile sikujiuliza.

Waliotangulia kusema walisema niliyotaka kusema. Ghorofa litatazama ndani ya nyua zetu. Maji ya bomba, ambayo hata sasa huja kwa mgao, yatakwisha kabisa. Na shule, ndugu zangu, shule! Kila aliyetaja shule alipigiwa makofi.

Ndipo aliposimama bibi mmoja, Mgogo, ambaye nyumba yake ni ya tatu kutoka kwangu. Alitusalimu, “Mbukwenyi,” na wachache tu kati yetu tulijua namna ya kumwitikia.

“Wanangu,” alisema, “nilipokuwa msichana hapa palikuwa shamba la uwele la baba yangu. Alikuja mtu na karatasi akatuambia tembe letu limesimama barabarani. Barabara yenyewe ilikuwa haijakuwapo. Tukalipwa ya nyumba na ya miti, ya ardhi hatukulipwa, tukaambiwa ardhi haina bei. Leo mnasema mtaa umejaa. Kwangu mimi ulijaa mlipokuja ninyi. Mbona sikuitiwa mkutano?”

Hapana aliyecheka. Alilosema juu ya fidia lilikuwa kweli tupu: kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani, ilihesabiwa mimea na majengo yaliyokuwa juu yake. Viwanja tunavyoviuza sasa kwa mamilioni vilichukuliwa kwa bei ya mibuyu na kuta za udongo.

Baada yake mjumbe wa kamati ya shule aliomba ruhusa asome orodha. Alikuwa ameandika hesabu ya watoto wa shule kwa kila nyumba ya mtaa, bila kutaja majina ya wenye nyumba, kwa namba za viwanja tu. Alisoma polepole. Kiwanja hiki watoto wanne, kile saba, kile kumi na mmoja. Namba yangu ilipofika alisema tisa.

Mimi nina watoto wawili. Saba waliobaki wanatoka katika vyumba vyangu sita vya uani, nilivyovijenga kimoja kimoja tangu 2017, kila nilipopata matofali na saruji. Kibali changu cha ujenzi ni cha nyumba ya jamaa moja. Nilitupa macho pembeni nikaona majirani nao wanatazama chini, kwa maana karibu kila ua wa mtaa wetu una vyumba kama hivyo. Ujazo wa kati ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa zamani, bila mkutano, bila ombi, na kodi tunaipokea kila mwezi. Ghorofa lile lilituzidi kosa moja tu, nalo ni kuomba ruhusa.

Sisemi kwamba vyumba vya uani ni uovu. Ndimo anamolala muuguzi wa zamu ya usiku na fundi aliyejenga ofisi asizoweza kuishi karibu nazo. Mji unaokataa watu kukaa karibu karibu huwatawanya, na bomba na barabara huwafuata mbali kwa gharama kubwa. Ninayoyalaumu ni mengine. Ramani ilitenga kiwanja cha shule ya pili katika mtaa wetu. Bibi yule ndiye aliyekumbusha mahali kilipokuwa, akaelekeza fimbo yake. Pana nyumba tisa sasa, nzuri, zenye ua za chuma, na mmoja wa waliopigiwa makofi kwa kuitaja shule hulala katika moja yake. Hakuna aliyeuliza walivipataje viwanja. Nami sikuuliza.

Mkutano ulikubaliana kuandika kwamba ombi lisipitishwe mpaka halmashauri ionyeshe patakapojengwa madarasa. Niliinua mkono kukubali, kwa kuwa neno hilo lilikuwa la haki, ingawa mkono wenyewe ulikuwa mzito. Zile hoja tatu sikuzitoa.

Nilipofika nyumbani mama mmoja wa vyumba vya uani alikuwa akianua nguo. “Baba mwenye nyumba,” aliniuliza, “wamesemaje? Na sisi tutatolewa?” Nikamwambia la, habari ilikuwa ya ghorofa tu. Akashukuru, akaniuliza kama ni kweli kwamba chumba cha saba kitakuwa tayari kabla ya Januari, maana dada yake anahamia kutoka Kondoa na watoto watatu.

Kuta za chumba hicho zimefika usawa wa lenta. Fundi amenipigia simu mara mbili wiki hii, akitaka kujua kama aendelee.