Jina la Kitendo ni Ahadi

Maktaba ya programu ni mkusanyo wa vitendo vilivyokwisha kuandikwa. Mtu mwingine huviita kwa majina yake bila kusoma kilichomo ndani. Jina ndilo ahadi pekee aliyopewa.

Lugha ya Python inatupa mfano mwema. Kitendo *sort* huipanga orodha yenyewe, na mpangilio wake wa awali ukatoweka. *Sorted* huiacha orodha ilivyo na kutoa mpya iliyopangwa. Sisi tuliolelewa na minyambuliko hatushangai: panga ni amri, iliyopangwa ni sifa. JavaScript nayo ina *slice*, inayonakili kipande cha orodha, na *splice*, inayotoa au kuingiza vitu katika orodha ileile ya asili. Tofauti yote imebebwa na herufi moja isiyomweleza msomaji lolote.

Katika maktaba ndogo ninayoiandika ya kuchambua mashairi ya Kiswahili, majina mengi yalikuja bila taabu, kwa kuwa washairi walikwisha kuyatunga: hesabuMizani, vinaVyaKati, vinaVyaMwisho. Ugumu ulikuwa katika kitendo kinachogeuza maneno ya lahaja kuwa Kiswahili sanifu, ili yatafutike kamusini. Mwenzangu alipendekeza safisha.

Ni neno fupi, tena jepesi mdomoni. Lakini halisemi kama shairi lenyewe litaguswa, na zaidi ya hayo linaliita chafu. Mshairi wa Mombasa anayeandika ndia na nti hana doa la kufuliwa. Hizo ndizo njia na nchi za kwao. Tena, ikiwa amekifunga kina chake kwa ti, nti ikifuatana na kiti, basi kuiandika nchi ni kuubomoa ubeti.

Sahihisha ilikuwa na hukumu ileile. Baada ya mjadala mrefu tulikubaliana na nakalaSanifu: nomino, si amri. Jina hili laahidi kwamba utapewa nakala, na kwamba usanifu ni wa nakala hiyo tu. Shairi la mwenyewe linabaki alivyolitunga. Kwa sababu hiyohiyo tuna kaguaVina, wala hatuna rekebishaVina. Mkaguzi hutazama, akaeleza alichokiona. Kalamu anamwachia mtunzi.

Sasa kimebaki kitendo cha kuugawa mshororo katika silabi zake. Kiitwe kata? Gawa? Tenganisha? Mwenye neno na alilete.