Mkono Nilioukataa

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno haya nimewaambia mara nyingi vijana niliowafundisha sataranji. Siku moja yalinigeukia.

Yalikuwa mashindano madogo, na mpinzani wangu alikuwa kijana niliyemfundisha mwenyewe jinsi farasi anavyoruka. Kete nyeupe zilikuwa zangu. Nikaanza kama nilivyozoea: askari aliye mbele ya mfalme, miraba miwili. Ufunguzi huo niliujua kama njia ya kwenda nyumbani. Yeye naye aliujua, kwa kuwa nilimwonyesha mimi. Kabla ya hatua ya thelathini mfalme wangu hakuwa na pa kukimbilia. Kijana akaninyoshea mkono. Nikajifanya nakusanya kete, kisha nikaondoka.

Usiku ule nilifungua kitabu, nikaurudia ubaoni mchezo wa sita kati ya Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti, uliochezwa Reykjavik, Iceland, tarehe 23 Julai 1972. Walikuwa sawa, pointi 2.5 kwa 2.5. Fischer, ambaye karibu siku zote alianza kama mimi, safari hii alimwacha askari wa mfalme akamtoa yule wa safu ya tatu kutoka kushoto. Punde mchezo ukaingia katika ufunguzi uitwao kafara ya malkia, ambao hakuuzoea, na Spassky aliufahamu vyema. Hata hivyo aliyesalimu amri ni Spassky, mchezo ulipofika hatua ya 41. Watazamaji wakapiga makofi. Bingwa wa dunia, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshindwa, akapiga makofi pamoja nao.

Mwanzoni nilidhani funzo langu ni kubadili ufunguzi. Lakini kilichoninyima usingizi ni yale makofi. Spassky alikuwa akiponyokwa na taji mbele ya dunia nzima; tarehe 1 Septemba lilikwenda kweli. Mimi nilipoteza nini? Kikombe cha bati, mbele ya watu wasiofika thelathini.

Asubuhi nilikwenda kwao, nikamkuta anachota maji. Nikanyosha mkono. Akaifuta mikono yake kwanza kwenye shati, akaupokea wangu kwa yote miwili.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, na neno lile likanikwama kooni. Kisha nikamwambia kwamba leo nyeupe ni zake.