Usukani wa Kaka

Kaka aliponiachia pikipiki alinipa sharti moja. "Dogo, gusa kiti, gusa taa, ukitaka paka hata rangi. Usukani niachie mwenyewe." Kisha akapanda gari la Dar es Salaam kutafuta kazi, nami nikabaki hapa Ngarambe na Boxer yake, mama yetu, na madaftari manne ya riwaya isiyotaka kwisha.

Makubaliano yalikuwa mepesi: nibebe abiria, nimtumie hesabu kila Jumapili, kinachobaki tule na mama. Kidato cha nne nilikimaliza na alama za kutosha kuitwa "mwalimu" kijiweni, si za kunipeleka mbele.

Sharti lile, msomaji, lilinishinda mwezi wa pili. Kijiweni kwetu usukani mtupu ni aibu. Wenzangu wana vishada vya nyuzi, mipira ya rangi ya kushikia, vikinga mikono, vishikio vya simu. Vioo vya pembeni ndivyo havitakiwi. Eti vinazeesha pikipiki! Nami nikavifungua kwa spana namba 14, nikaviviringisha katika kanga kuukuu, nikavisukuma chini ya kitanda.

Jumamosi moja nikakaa chini ya mwembe na vitu nilivyonunua kwa pesa ya wiki nzima. Mipira ya zamani niliitoa kwa maji ya sabuni, na mipya nikaiingiza kwa maji hayohayo. Hapo sikukosea: ukitumia mafuta, mpira utazunguka mkononi siku unapouhitaji. Kikafuata kishikio cha simu. Kilikuwa kinachezacheza, basi nikakikaza kwa vifungio vya plastiki, na kwa kupenda unadhifu nikazifunga nyaya zote pamoja nacho, ya klachi na ya mafuta, zikakaa sambamba kama mistari ya daftari. Nilijipongeza, we acha tu.

Babu mmoja jirani akasimama kunitazama. "Mjukuu wangu, hirizi zote hizo za nini?"

Kijijini kwetu neno kama hilo halipiti hivihivi. Ngarambe ndiko Kinjikitile Ngwale alikogawa maji, na Wajerumani wakamnyonga kule Mohoro Agosti 1905. Tamthilia ya Ebrahim Hussein juu yake niliisoma hadi jalada likang'oka. Nikajibu kwa maringo ya msomi: "Za kuzuia risasi, babu." Tukacheka wote wawili.

Jumatatu nikampakia mama kumpeleka zahanati kupima presha. Njia ilikuwa kavu, mchanga umekaa vizuri. Tulipofika penye kona kali ya kushoto nikakata usukani mpaka mwisho, na injini ikapiga kelele yenyewe. Mkono wangu haukuongeza mafuta, naapa. Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, ikatumwaga kwenye mihogo ya watu. Nikiwa bado chini, lori la ufuta likapita pale tulipokuwa sekunde chache nyuma. Sikujua kabisa kwamba lilikuwa nyuma yetu. Ningejuaje, na vioo viko chini ya kitanda?

Mama hakulia. Alisema tu, "Mwanangu, mguu." Bomba la moshi lilikuwa limemlalia kwenye muundi. Nikaimwaga chupa yetu yote ya maji juu ya kidonda, kisha nikamkokota mpaka zahanati. Wiki tatu hakwenda shamba.

Jioni ile niliirudia pikipiki kwa hasira. Nikaisimamisha, gia nikaiweka huru, nikawasha, nikaiacha iungurume taratibu, kisha nikageuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho. Kulia, kimya. Kushoto, mlio ukapanda. Waya wa mafuta ulikuwa umebanwa na vifungio vyangu. Usukani ukigeuka, waya unavutika, na injini inadhani nimeongeza mimi. Jaribio la nusu dakika! Nilishinda mchana kutwa nikipanga rangi, hilo sikulifanya.

Nikakata vifungio. Nyaya nikazirudisha zilikopita awali, nikahakikisha mkono wa mafuta ukiachiwa unarudi wenyewe, usukani uwe umeelekea popote. Vioo nikavitoa kwenye kanga nikavirudisha. Nilikaa kitini kama niendeshavyo, nikavisogeza mpaka nikaona njia ya nyuma na ncha tu ya kiwiko changu. Nikiliona bega zima, basi najitazama mwenyewe. Halafu nikakaza nati za chini. (Mwenye Yamaha aangalie: nyingi, kioo cha kulia hufunguka kinyume. Niliwahi kuua nyuzi za pikipiki ya bwana shamba kwa kulazimisha.)

Mama akaniambia, "Usimwambie kaka yako. Ataacha kazi arudi." Nikakaa kimya Jumapili mbili. Mie naweza kutunga uongo wa kurasa arobaini daftarini, lakini ule wa maneno matatu ya simu, "huku salama tu", ulinikaba.

Jumapili ya tatu nikapiga.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama hajambo?"

Nikamweleza yote, tangu spana hadi mihogo. Upande wa pili nikasikia magari ya Dar, kaka simsikii. Nikadhani salio limekata.

"Vioo umerudisha?" akauliza mwishowe.

"Nimerudisha."

"Mpe mama simu."