Habari ya Sindano ya Kukuza Watoto



Mimi ni mwalimu katika wilaya ya Ngara. Katika mwimo wa mlango wa darasa langu nimekata mistari kwa kisu, na kila Januari nawapima watoto wote hapo, mmoja mmoja, bila viatu. Wako wanaocheka, wakisema mwalimu amekuwa seremala. Lakini mtoto umwonaye kila siku, macho hayawezi kukuambia kama anakua au amesimama.

Mtoto mzima wa miaka saba au minane hukua kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Basi yuko msichana mmoja aliyeongezeka sentimita 3 tu, na mwaka uliofuata vivyo hivyo. Wala si mtoto wa njaa. Kwao kuna migomba, maharage na maziwa, na ndugu zake wote ni warefu. Majirani walikuwa na maneno yao: huyu husema amerogwa, yule husema alirukwa akiwa amelala. Ndipo baba yake alipopata habari kwa jamaa wa mjini kwamba iko sindano ya kukuza watoto, akaja kwangu jioni, akaniuliza, “Mwalimu, nikiuza ng’ombe, sindano hiyo itapatikana?”

Swali hilo si dogo, kwa maana ng’ombe ni mmoja na watoto ni watano. Nalitafuta habari kabla ya kumjibu, na hayo niliyoyapata nawaeleza na ninyi.

Chini ya ubongo mna tezi ndogo, yapata punje ya njegere, itoayo maji yaitwayo homoni ya ukuaji. Mtoto aliyepungukiwa nayo huzaliwa na urefu kama wenziwe, kisha polepole huachwa nyuma. Katika mwaka 1958 daktari mmoja wa Marekani, Maurice Raben, alieleza habari za kijana aliyekua kwa kuchomwa homoni iliyotolewa katika tezi za maiti. Dawa hiyo ilitumika miaka mingi, hata mwaka 1985 ikajulikana ya kuwa wengine waliochomwa walipata ugonjwa wa ubongo usiopona; waliokufa kwa sababu hiyo ulimwenguni wamezidi 200. Ikakomeshwa. Mwaka huohuo Marekani iliruhusu dawa mpya, inayotengenezwa na vijidudu katika viwanda, nayo ndiyo ya leo. Kwa hiyo mtu asiogope tena habari za maiti.

Walakini sindano hiyo si ya siku moja. Mtoto huchomwa chini ya ngozi kila jioni, miaka kwa miaka, mpaka mifupa yake ifunge. Mwenye upungufu wa kweli aweza kuongezeka sentimita 8 hata 10 au zaidi katika mwaka wa kwanza, na hilo ni jambo la ajabu. Lakini dawa hutaka kukaa katika jokofu, pasipo joto wala kuganda. Na umeme wetu mwaujua. Bei yake huko Marekani ni maelfu ya dola kwa mwaka. Ng’ombe mmoja hafiki mbali.

Tena liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto aliyedumaa kwa kukosa chakula hakupungukiwa na homoni hiyo. Huko Cape Town, katika miaka ya 1960, waganga walipima damu za watoto wenye kwashakoo, wakaona homoni ya ukuaji imejaa kupita kiasi! Mwili una amri ya kukua, lakini hauna cha kujengea. Sindano itaongeza amri tu. Na wafupi wa namna hiyo ndio wengi: mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wenye tezi isiyofanya kazi hawafiki hata mmoja katika maelfu kadhaa.

Mkoa wetu wa Kagera una ushuhuda wake. Watoto waliopimwa hapa miaka ya 1991 mpaka 1994 walitafutwa tena mwaka 2004, na waliofiwa na mama kabla ya kufika miaka 15 walionekana wamepungukiwa na urefu kama sentimita 2, na masomo karibu mwaka mzima. Niliposoma hayo nalikumbuka nyuso za wanafunzi wangu, nikaweza kuwahesabu. Hakuna sindano ya kumrudishia mtoto mama.

Basi nalimwambia baba yule, asiuze kitu kwa ajili ya sindano kabla tezi haijajulikana, bali atafute nauli ya kumpima mtoto. Maana ziko sababu nyingine: moyo, figo, matumbo, au tezi ya shingo, ambayo dawa yake ni kidonge cha bei ndogo. Mabingwa wa tezi za watoto ni wachache, ingawa tangu mwaka 2008 madaktari wa nchi zetu, na Watanzania wakiwamo, wamefundishwa kazi hiyo Nairobi.

Aliuza mbuzi wawili, wakaenda Mwanza kwa kupitia Biharamulo na Geita. Na kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lilikwisha kufunguliwa mwaka 2025, hawakungojea kivuko. Tezi ya shingo ilionekana ni nzima. Picha ya mkono ilionyesha mifupa ya mtoto wa miaka sita, naye ana tisa, maana yake nafasi ya kukua bado ipo. Kipimo cha tezi ya kichwani bado hakijafanywa.

Mama yake aliniuliza, “Mwalimu, wakisema ni hiyo, tutafanyaje?” Nalimwambia sijui fedha zitatoka wapi, ila yafaa tujue kwanza. Wamepewa siku ya kurudi mwezi wa Septemba. Ng’ombe yungali zizini.