Jino langu lilikuwa darasa

Wasee, niambieni ukweli: ukijua aliyeshika sindano bado ni mwanafunzi, utafungua mdomo?

Mimi nilifungua. Gego la chini lilikuwa limeninyima usingizi siku tatu, na karafuu za shosho zilikuwa zimeisha. Kliniki sitaitaja. Dada aliyenihudumia alikuwa rika langu, akaniambia wazi bado anasoma, akauliza kama ni sawa. Nikasema sawa. Kisha nikaona sindano inatetemeka.

"Pole, boss," akasema kabla hata hajanigusa.

Alidunga mara mbili, sikupata ganzi. Msimamizi wake akaja, akadunga ya tatu, na baada ya dakika chache nusu ya ulimi haikuwa yangu. Jino likatoka. Machozi ya yule dada yalikuwa mengi kuliko yangu.

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma. Kumbe taya la juu lina mfupa mwepesi, dawa inapenya yenyewe. La chini ni gumu, kwa hivyo unatafuta mshipa wa fahamu usiouona, huko nyuma kabisa ya mdomo, ukijiongoza kwa mfupa unaoupapasa na kidole. Ukikosea milimita chache tu, mgonjwa anasikia kila kitu. Sasa hiyo unajifunza wapi mara ya kwanza? Kwangu?

Wazo la kufanyia mazoezi kichwa bandia ni la zamani sana, tangu 1894, Oswald Fergus alipokitambulisha. Ni kichwa chenye meno ya kubadilisha, unatoboa, unaziba, unaharibu, unaweka lingine. Siku hizi kuna mashine kama Simodont ya Uholanzi. Unavaa miwani, unaona jino likiwa limesimama mbele yako, mguu uko kwenye pedali, na ile drili mkononi inakusukuma nyuma. Sehemu nzima ni ngumu, iliyooza inalegea. Ukipitiliza hadi kwenye kiini, hakuna anayepiga kelele. Unaanza upya.

Mnajua napenda teknolojia, mnatarajia niseme kila chuo kinunue miwani ya uhalisia pepe. Hapana. Nimeivaa ya michezo hapa Nyeri mjini, nikapiga ngumi, mkono ukakutana na hewa. Miwani pekee itakuonyesha mshipa umepita wapi na hatua zinafuatana vipi, na hiyo ni kitu. Lakini daktari wa meno anafanya kazi kwa vidole. Pesa ikiwa kidogo, nunueni vichwa vya plastiki kwanza, na meno mengi ya kuharibu.

Hili linaniuma kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili. Fizi na meno hayakunihusu huko, lakini tulisoma mashine kwa picha. Siku ya maabara mmoja anashika, wengine wote tunapiga picha na simu. Sikutoka kwa sababu nilikuwa mjinga (mama bado hajakubali, lakini ni ukweli). Nilitoka kwa sababu sikuwahi kupewa nafasi ya kukosea kitu.

Najua mtasema plastiki haina mate, haiogopi, haivuti kichwa. Kweli kabisa. Ndiyo maana mgonjwa aje baadaye, mkono ukiwa umeshatulia.

Na si lazima kila kitu kitoke Ulaya. Anayetaka digrii ya udaktari wa meno huku kwetu anapanda gari kwenda Nairobi ama Eldoret, sawa, lakini Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kiko hapa hapa na kimejaa wahandisi, na KMTC Nyeri iko hapa. Mbona wasikae meza moja wajaribu kutengeneza taya lenye fizi laini? Waweke na yale meno ya kahawia ya floraidi, maana tabasamu za Wakenya si zote nyeupe kama za matangazo.

Nina jino lingine la juu limeanza kunisumbua. Nikimkuta yule dada, nitakaa kwenye kiti. Ila nitamuuliza kwanza amedunga plastiki ngapi.